Dhambi nayo ina matanga yake

Jioni moja ya masika, nikiwa na miaka tisa, jirani yetu wa upande wa chini wa kihamba, shamba letu la ukoo, alibisha hodi akiwa ameshika jani la sale. Kwa msomaji asiyetoka Kilimanjaro, sale ni mmea wenye majani marefu ya kijani ambao Wachaga huupanda kwenye mipaka ya vihamba na kando ya makaburi. Una kazi nyingine pia. Mtu aliyekosa akija na jani lake mkononi, aliyekosewa hapaswi kumfukuza. Kwa hiyo Baba alipoliona jani lile alinyamaza, akavuta kiti, akamkaribisha.

Jirani hakuketi. Alikuja na mkewe pamoja na wanaume wawili wa ushirika wa walokole, Wakristo wa uamsho, na koti lake lilikuwa linachuruzika maji. Alimgeukia Bibi, aliyekuwa anachambua maharage kwenye ungo karibu na taa ya chemli. “Mama,” alisema, “mwaka ule Mzee alipolazwa Moshi, nilihamisha masale usiku. Matatu. Nikayapanda ndani ya kihamba chenu. Kahawa ninayochuma pale si yangu.” Ilikuwa imepita miaka kumi na minane.

Bibi aliendelea kuchambua maharage kwa muda ambao mimi mtoto niliuona mrefu sana. Kisha akasema, “Mwanangu, tulijua. Tulijua tangu asubuhi ile ile. Udongo ulikuwa mbichi.”

Hapo ndipo jirani alipolia. Mpaka dakika hiyo alikuwa ametoa maneno yake kwa sauti kavu, kama mtu aliyeyakariri njia nzima. Lakini alipofahamu kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa anasalimiwa, anapelekewa ndizi alipofiwa na mama yake, anaazimwa jembe, na watu waliojua vizuri alichowafanyia, magoti yalimwishia nguvu. Aliketi chini sakafuni akalia kwa sauti kama mfiwa. Sikuwahi kumwona mwanamume mzima wa mlimani akilia vile, na sijui kama nimemwona mwingine tangu siku hiyo.

Nimeikumbuka jioni ile mara nyingi mwaka huu, kila ninapotoka ibadani nikiwa nimeimba, nimeruka, nimetoa sadaka, nimetabiriwa mema, na sikusikia hata mara moja mtu akisema kwamba tumekosa.

Sisi ni watu tunaojua kulia msiba. Mtu akifa, kabla jua halijachwa turubai limekwisha kufungwa, viti vya kukodi vimeshushwa, wanawake wamekaa kwenye mikeka na daftari la rambirambi limefunguliwa. Hakuna anayetufundisha. Tunajua nani anakaa wapi, nani anapika, nani anakwenda kuonyesha kaburi lichimbwe wapi, na tunajua siku ya kuanua matanga, ili mfiwa asibaki ndani ya kilio maisha yake yote. Ikija dhambi yetu wenyewe, ujuzi wote huo unatutoka. Hatuna mkeka wa kukalia. Tunabaki na maneno ya kukimbilia: shetani alinipitia, niliteleza, ni mambo ya kibinadamu. Yapime maneno hayo uone nani ametenda. Shetani ndiye aliyepita. Njia ndiyo iliyokuwa na utelezi. Mimi mwenyewe simo.

Wakubwa wetu wana namna yao, na wachungaji wameiiga. Mtu amekula fedha za ushirika, au ametukana kabila zima mbele ya kipaza sauti, halafu anasimama na kusema kwamba kama kuna yeyote aliyekwazika, anaomba radhi. Ile “kama” inafanya kazi kubwa sana. Inaligeuza kosa kuwa udhaifu wa yule aliyekwazika. Mfalme Daudi, alipokuwa amemtwaa mke wa Uria na kupanga Uria auawe vitani, angeweza kuipata “kama” hiyo kwa urahisi kuliko mtu yeyote Yerusalemu. Nabii Nathani alimsimulia habari ya maskini na mwanakondoo wake mmoja, kisha akamnyooshea kidole. Jibu la Daudi halina shetani wala utelezi. Alikiri kwamba yeye ndiye aliyemkosa Bwana, basi.

Katika Mahubiri ya Mlimani, Yesu anawaita heri watu wenye huzuni, na anawaita hivyo mapema kabisa, mara tu baada ya maskini wa roho. Kwetu mstari huo umehamia makaburini. Tunausoma jeneza linaposhushwa, na si vibaya, maana Mungu huwafariji wafiwa. Lakini mababa wa kanisa waliusoma hasa kama neno kwa mtu anayelia kwa sababu ya dhambi, na waliousoma hivyo kwa uzito zaidi waliishi katika bara letu hili. Katika jangwa la Misri, karne ya nne, watawa walihesabu machozi ya toba kuwa kazi ya kila siku kama kusuka vikapu. Mmoja wao, Abba Musa, mtu mweusi aliyekuwa jambazi kabla ya kuwa mtawa, aliitwa katika baraza la kumhukumu ndugu aliyekosa. Alikwenda amebeba mgongoni chombo kilichotoboka, maji yakivuja nyuma yake. Walipomuuliza maana yake, akawaambia kwamba dhambi zake zinamwagika nyuma yake asizione, naye anaitwa kuhukumu za mwenzake. Baraza lilimsamehe yule ndugu.

Mtazame Agostino naye, askofu wa Hippo, mji uliokuwa pwani ya nchi tunayoiita leo Algeria. Mwaka 430 Wavandali walikuwa wameuzingira mji wake, naye akiwa mgonjwa wa kufa, mwenye umri wa miaka 75. Possidius, rafiki yake aliyeandika maisha yake, anasema kwamba aliagiza zaburi za toba zinakiliwe na kubandikwa ukutani, azisome akiwa kitandani, na kwamba alizisoma huku akilia. Aliomba watu wasiingie chumbani ila wakati wa tabibu na wakati wa chakula. Huyu alikuwa amekwisha kuandika vitabu vilivyolilisha kanisa kwa karne na karne. Tungemtembelea sisi, nadhani tungemwambia, “Baba Askofu, wewe pumzika tu, kazi umeifanya.” Yeye hakutaka kupumzika kwa namna hiyo. Na wala hakuwa mtu aliyekata tamaa, kwa kuwa aliyekata tamaa haombi zaburi ibandikwe karibu na macho yake.

Sasa, watu wengi wazuri wanauogopa mlango huu, na nawaelewa, kwa sababu makanisa yetu yameuharibu. Nililelewa katika kanisa la Kilutheri, na nilimwona binti aliyepata mimba bila ndoa akisimamishwa mbele ya usharika ili “arudi kundini”. Alikuwa amevaa gauni la kuazima. Alisoma maneno aliyoandikiwa na watu wengine, sauti yake haikufika hata benchi la tatu. Aliyempa mimba alikuwa kwenye kwaya, safu ya besi, na Jumapili ile aliimba. Hakuna aliyemwita. Wazee wa kanisa waliokuwa wamepanga lile jambo walirudi nyumbani wakiamini kwamba wamesimamia toba. Mimi nasema kwamba hawakusimamia toba yoyote. Walisimamia aibu, na aibu ile waliigawa kwa kuangalia nani hana mtetezi. Binti yule hakurudi kundini. Alihamia mjini, na kanisani hakuonekana tena.

Aibu na huzuni ya dhambi hufanana kwa machozi tu. Mwenye aibu anawaza waliomwona, mwenye huzuni anamwaza aliyemkosea. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kuna huzuni ya namna ya Mungu iletayo toba, na kuna huzuni ya dunia iletayo mauti, na usiku wa kukamatwa kwa Yesu na asubuhi yake wanafunzi wawili walizionyesha zote mbili. Yuda alijuta kweli, tusimdharau. Alirudisha vipande thelathini vya fedha na alikiri kwamba amesaliti damu isiyo na hatia. Lakini aliwaendea makuhani, nao wakamwambia hayo ni yake mwenyewe, akaondoka akajinyonga. Petro alikana mara tatu. Luka anaandika jambo ambalo wengine hawakuliandika: jogoo alipowika, Bwana aligeuka akamtazama Petro. Ndipo Petro akatoka nje akalia kwa uchungu.

Alitazamwa na mtu aliyekuwa amekwisha kumwambia kwamba atamkana, na aliyekuwa amekwisha kumwombea kabla hajamkana. Tulijua, mwanangu. Udongo ulikuwa mbichi.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema kwa nguvu zangu zote. Mtu halii kwa dhambi yake kwa sababu ametishwa jehanamu. Aliyetishwa hujificha, au hulipa upesi ili yaishe. Kinachomvunja mtu ni kugundua kwamba wakati wote alipokuwa anaiba, alikuwa anapendwa na yule yule aliyeibiwa. Ndiyo maana mahubiri ya vitisho hayajatuletea toba, na mahubiri ya mafanikio hayawezi kuileta kabisa. Ukimwambia mtu kila Jumapili kwamba Mungu yuko tayari kumpa gari, hutampa nafasi ya kuona kwamba huyo Mungu amemvumilia miaka kumi na minane.

Afrika Mashariki tulipata kulijua hili. Mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni ya Kianglikana huko Gahini, mashariki mwa Rwanda, alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi katika kilima cha Namirembe, Kampala. Walisoma Biblia pamoja na kuomba. Uamsho uliofuata miaka ya 1930 ulianzia Gahini, hospitalini na katika shule ya wainjilisti alikofundisha Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Waganda waliwaita watu hao balokole, waliookolewa, na sisi tukasema walokole. Waliungama hadharani, walilia, wengine walianguka, na wamisionari kadhaa walishtuka. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26 waliokuwa upande wa uamsho.

Lakini watu wa kawaida hawakushangazwa sana na vilio. Walishangazwa na vitu vilivyorudi. Mashuka ya hospitali yalirudi. Madeni yaliyosahauliwa yalilipwa. Watu walitembea kwa miguu kwenda kwa waajiri wa zamani kusema, nilikuibia. Ndiyo maana hata Kiswahili cha walokole kilijaa maneno ya mwendo: kutembea nuruni, kurudisha, kwenda kutengeneza na ndugu. Festo Kivengere, kijana wa Kigezi ambaye baadaye alifundisha shule Dodoma kwa miaka mingi na hatimaye akawa askofu, alikuwa na chuki na mmisionari mmoja Mwingereza. Alipookoka alipanda baiskeli, akaendesha maili 50 kwenda kumwomba msamaha. Mtu anayelia ndani ya kanisa hujui analilia nini. Anayepiga pedali kilometa themanini katika milima ya Kigezi, huyo amekwisha kukujibu.

Miaka mingi baadaye, Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Kivengere alivuka mpaka kwa miguu usiku pamoja na mkewe. Akiwa London siku ya Ijumaa Kuu, alitambua kwamba moyo wake umejaa sumu dhidi ya Amin, na akatubu. Mwaka huo huo alitoa kitabu kidogo ambacho jina lake linatangaza kwamba anampenda Amin. Nilipokisoma mara ya kwanza nilikasirika. Nani amtubie nani? Amin ndiye mwuaji. Sasa naona kwamba Kivengere hakuwa anapunguza hata tone la damu ya Luwum kwenye mikono ya Amin. Alikuwa anakataa chuki ipate kihamba ndani yake.

Lazima niseme na upande mwingine, nao unaniuma. Rwanda, nchi ambamo uamsho huo ulianza, ni nchi ile ile ambamo mwaka 1994, kwa siku kama mia moja, Watutsi waliuawa kwa mamia ya maelfu, na wengi waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia: Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Huko Nyange kanisa lilibomolewa kwa katapila juu ya watu waliokuwa ndani yake, na mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha, mwendo wa saa moja na nusu tu kutoka kwetu Moshi, ilimhukumu padre wa parokia hiyo, Athanase Seromba, kifungo cha maisha mwaka 2008. Wauaji wengi walikuwa wamebatizwa. Wengi wao walijua kupiga kifua mara tatu. Wapo walokole waliokataa kutengana na ndugu zao wa kabila jingine, wakafa nao, na heshima yao haifutiki. Lakini kanisa kwa jumla, la madhehebu yote, lilikuwa limewafundisha watu kulilia pombe, sigara na uzinzi, na halikuwafundisha kulilia kitambulisho kilichoandikwa kabila, wala mzaha uliomwita jirani mdudu. Dhambi ya mtu mmoja ina machozi. Dhambi ya wengi inaitwa siasa, au historia, au hali ilivyokuwa.

Novemba 2016 maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha, kwa barua iliyosomwa makanisani, kwa ajili ya waumini wao walioshiriki mauaji hayo, na Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa ajili ya dhambi za kanisa na watu wake. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini. Siandiki hivyo ili nimcheke mtu. Naandika kwa sababu sisi wengine hatujaanza. Nani ameomboleza mabinti waliosimamishwa mbele ya sharika wakati wanaume wao wanaimba besi? Wazee waliopigwa na kuchomwa moto wakiitwa wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu, katika vijiji vyenye makanisa mawili au matatu, kanisa gani limewakalia matanga? Ardhi ya wajane inachukuliwa na shemeji ambao ni wazee wa kanisa, na wanaendelea kusoma somo la kwanza.

Luther, katika hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95 za mwaka 1517, alisema kwamba Kristo anataka maisha yote ya waaminio yawe toba. Maisha yote, si Jumatano ya Majivu peke yake. Sisi Walutheri tunaijua tarehe ya hoja hizo na tunaiadhimisha kwa maandamano na kofia. Ningependa mwaka mmoja tuiadhimishe kwa kukaa chini. Mhazina asome hesabu zote, pamoja na zile zinazoumiza. Yule binti atafutwe mjini, na wazee wa usharika waende kwake, kwa nauli yao, wamwombe msamaha. Mchungaji aanze yeye. Wala tusipige picha.

Wewe unayesoma haya huenda unaujua mpaka uliousogeza. Huhitaji nabii wa kukutabiria wala mtu wa kukutisha. Chukua jani, nenda. Kuna uwezekano mkubwa kwamba unayemwendea anajua tayari, na amekuwa akikusalimia.

Asubuhi iliyofuata jioni ile ya jani la sale, mvua ikiwa imekatika, wanaume waliyang'oa masale matatu na kuyarudisha hatua nne chini, pale yalipokuwa. Bibi alisema kahawa ya msimu ule aichume jirani, kwa kuwa ameipalilia na kuipulizia dawa. Aliichuma, akaleta nusu ya fedha, na Bibi akaipokea. Jirani yule alikufa nikiwa kidato cha nne. Bibi, ambaye kwa wakati huo alikuwa hatembei bila fimbo, alipelekwa mapema asubuhi, akaketi kwenye mkeka mmoja na mjane, na hakurudi kwetu mpaka matanga yalipoanuliwa.